Kumfuata Beatus Kwenye Mawe Mekundu

Tangu nirudi, kila mwanakwaya ninayekutana naye sokoni ananishika mkono na kuuliza, "Skola, ilikuwaje huko?" Naanza kusimulia, mara anatokea mtu wa kuuliza bei ya dagaa, habari inakatika pale pale penye utamu. Nimechoka kuanza bila kumaliza. Naandika mara moja, mpitishiane. Mambo ya vibali vya kijiji na polisi nitayaruka, maana yalinichosha yalipotokea na sitaki yawachoshe na nyie.

Kwa wale waliojiunga na kwaya juzi juzi: nina kaka anaitwa Beatus, ndiye aliyeniachia ziwa. Miaka mingi iliyopita aliondoka nyumbani kwetu Michenga kwenda kufanya kibarua kwa watu wa mawe, wale wataalamu wanaochimba mifupa ya wanyama wa kale huko mbele ya Kilosa kwa Mpepo, kwenye mawe mekundu. Alisema atarudi kabla ya mavuno. Mavuno yale yalipita, yakaja mengine na mengine. Simu yake ikawa haipatikani, kisha namba ile ikawa ya mama mmoja wa Singida ambaye kila nikiipiga ananionea huruma.

Sasa mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, mfanyabiashara wa mpunga alikuja kukoboa hapa mjini Ifakara. Akasimulia mashineni kwamba kitongoji cha Mgolomo, jirani na mawe hayo, watu wameokota maiti isiyojulikana, imefungwa sanda nyeupe, mvua imeifukua kwenye korongo. Wakaizika upya bila jina. Habari ilimfikia mama kabla yangu. Hakuuliza mara mbili. Alisema ni Beatus, akashuka kwenye mkeka, na majirani wakaanza kuleta unga. Mimi nikasema simlilii mtu ambaye sijaona kaburi lake. Nikamwachia msaidizi wangu masufuria ya shule, nikaondoka kwenda kuhakikisha kama ni yeye.

Kuvuka mto

Nilipata nafasi kwenye Fuso tupu iliyokuwa inafuata mpunga Kilosa kwa Mpepo. Dereva anaitwa Komba. Kusikia jina hilo nikajua ni Mngoni, naye kusikia la ukoo wangu akajua mimi Mpogoro, na utani ukaanza hata gari halijawashwa.

"Mtani, leo umepatikana," alisema. "Babu zako walikimbilia milimani tulipopita. Wewe umejileta mwenyewe!"

"Hamkupita, mlikuja kuiba mbuzi. Na harufu yake bado mnayo."

Alicheka mpaka akaegemea usukani. Nilipomweleza ninakokwenda na sababu yake, hakuacha utani kama watu wengine wanavyofanya wakisikia msiba. Aliuongeza. Mtani kazi yake ndiyo hiyo, na kimoyomoyo nilimshukuru.

Darajani nilimwomba apunguze mwendo. Kabla ya daraja kulikuwa na pantoni, na mama alikuwa akituvusha kwenda kwa shangazi kule Lupiro. Beatus alisimama mbele kabisa, miguu wazi, akijifanya nahodha, akiwapigia kelele viboko wapishe njia. Watu wazima walimkemea, mimi nilimwamini. Maji yalikuwa mengi siku hii, rangi ya chai ya maziwa, na nilitega sikio nisikie kelele zile mpaka tukafika ng'ambo.

Tope baada ya Mtimbira

Hadi Mtimbira tulikwenda vizuri. Mbele kidogo Fuso ikaingia kwenye tope upande mmoja, ikalala kama ng'ombe aliyekataa kazi. Komba alikata matawi, akaweka mawe, akatukana kwa Kingoni, tairi zikazidi kuzama. Gari lingine halikuonekana mbele wala nyuma.

Tulikaa pale jua likitupiga mpaka akatokea mama mmoja wa Kisukuma na maksai wake, anatoka shamba. Anaitwa Mama Kulwa. Alizunguka lile gari polepole, akainama kuangalia chini yake, kisha akamtazama Komba.

"Gari kubwa hivi, halina hata akili ya ng'ombe," alisema.

Alifunga minyororo mwenyewe. Komba akataka kuelekeza, mama yule akamwambia akashike usukani na afunge mdomo. Aliwaita maksai kwa majina, taratibu, bila kiboko, na ile Fuso ikatoka. Nilitamani niwe na sauti ya namna hiyo jikoni kwangu.

Hakukubali tuondoke bila kula. Alitupa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga na maziwa mgando kwenye kibuyu. Mnanijua mimi na chakula cha watu: nilikuwa tayari kukosoa. Sikupata pa kukosoa. Nikamuuliza michembe anailoweka muda gani, akanijibu, "Mpaka ilainike," na hilo ndilo jibu la mpishi wa kweli.

Tulipoaga aliniuliza, "Dada, unakwenda harusini au msibani? Sura yako siielewi."

 Nilimwambia sijui, nikifika ndiyo nitajua. Alinishika mkono muda mrefu, akasema, "Basi Mungu akupe uhakika." Nilirudi garini na neno hilo.

Malinyi

Malinyi tulikwama tena, maana kulikuwa na kijito mbele kilichofunga njia na ilibidi kusubiri maji yashuke. Nilipanga chumba karibu na stendi. Kwa mama ntilie pale nilikula kitoga wa nazi. Samaki alikuwa mzuri, wali ulikuwa na mawe. Nilimwambia yule mama apepete mara mbili, akanijibu kama wali wangu mtamu kiasi hicho nimeuachia nini huko Ifakara. Tukawa marafiki.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mtu pale kwamba nakwenda Mawe Mekundu. Jioni haijaingia nikawa na kijana mwenye kofia ananifuata kila kona.

"Mama, una mzigo?" ananong'ona.

"Nina begi."

"Hapana, mzigo. Rangi gani? Mekundu kabisa au ya waridi?"

Nikamwambia mawe ninayoyafuata ni ya kaburi. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri kubwa, akasema, "Nimekuelewa, mama. Ukilipata, usimuuzie mwingine." Mpaka leo nadhani anaamini nina rubi zimefichwa makaburini.

Wakati wa kungoja ndio uliokuwa mbaya. Njiani mtu unahangaika na tope, husikii moyo. Pale nilikaa kwenye ngazi ya gesti nikiwatazama wanaume wanaopita, na nilijikuta nafanya kile ninachofanya miaka yote hii: nawaangalia visogoni. Beatus ana kisogo kipana na anatembea ametanguliza bega moja. Nimewaita wanaume wasionijua kwa jina lake sokoni Ifakara, na hata kituo cha treni. Wakigeuka naomba radhi. Sasa nikawa najiambia, Skola, ukikuta kaburi ni lake utapumzika. Hutamwita mtu tena. Nilipojisikia nawaza hivyo niliogopa, lakini nilimaanisha kwa dhati.

Mgolomo

Maji yaliposhuka tulifika Kilosa kwa Mpepo, Komba akaiacha Fuso ipakiwe. Nilimuaga. Akanishangaa.

"Unaniaga unakwenda wapi? Mpogoro anafukuliwa halafu Mngoni nisiwepo? Nani atashika jembe, wewe?"

Ni kweli, ndugu wa marehemu hachimbi, na nilikuwa sijafikiria nani angenifanyia kazi hiyo. Tukapanda bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha tukatembea. Ndipo nikayaona mawe yenyewe. Nilitegemea milima. Ni kingo za korongo tu, ndefu, nyekundu kama tofali la kuchoma, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na ukizigusa mchanga unabaki vidoleni. Beatus alikuwa ameniambia kwenye simu, mara ya mwisho, kwamba ukikaa humo jioni unajiona umekaa ndani ya tanuri lililopoa. Niliweka kiganja pale ukutani. Kulikuwa na joto bado.

Mgolomo ni nyumba chache na kigango kidogo cha nyasi. Alitupokea katekista, Mzee Kasiani, mtu mfupi mwenye haraka. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa akatusimulia mazishi. Marehemu alikutwa korongoni, nusu ndani ya udongo, amefungwa kitambaa cheupe kuanzia juu mpaka chini, kigumu kama kimekaushwa. Hawakumfungua. Aliyekwisha kuvikwa sanda na wenzake havuliwi na wageni, alisema, hiyo ni aibu kwa marehemu. Njia ilikuwa imekatika kwa mvua, hapakuwa na wa kumsubiri. Na kwa kuwa sanda ilionyesha huenda ni Mwislamu, alimwita Bwana Shabani mwenye duka asome dua, kisha yeye akasali sala zetu, "ili asikose kwa upande wowote."

"Na uzito wake, dada yangu! Wanaume wote wa kitongoji tulipokezana. Tulisema amekunywa maji mengi."

Watu wale walimlilia mtu wasiyemjua. Walikesha, wakapika wali wao wa mwisho kabla ya mavuno. Niliwashukuru na machozi yakanitoka hapo hapo.

Kisha Mzee Kasiani akasogea karibu, akashusha sauti. "Umekuja wakati mwafaka. Aliyemuua yuko hapa. Amejileta mwenyewe."

Mgeni wa katekista

Walikuwa wamemweka kwenye chumba cha nyuma cha katekista, hawakumfunga, ila vijana walikuwa wakicheza bao mlangoni usiku na mchana na kumpelekea ugali. Alikuwa kijana wa miwani, Elibariki, suruali imechanika magotini. Siku aliyofika aliwauliza watu, kwa sauti ya upole kabisa, kama wameona kitu chake cheupe, urefu wa mtu, alichokifukia korongoni mwaka jana. Fikirini wenyewe. Watu wazima waliangaliana, wakamkaribisha chakula, na tangu hapo hakutoka. Yeye alidhani ni ukarimu.

Niliingia kama upepo. Komba alinishika kitenge, sikusimama.

"Kaka yangu ulimfanya nini?"

"Kaka yako?"

"Uliyemfunga sanda ukamfukia kwenye korongo!"

Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mama, yule si kaka yako. Yule si mtu. Ni mnyama. Alikufa kabla hapajawa na mtu yeyote duniani."

Nilikaa kwenye gunia la mahindi. Akatueleza. Mawe yale ni sehemu ya kundi la miamba wanaloliita Karoo, na tabaka zile nyekundu ni mchanga na matope ya mto wa kale, yaliyolala na kukauka mpaka yakawa mwamba, wakati dinosaria ndio kwanza wanaanza duniani. Mnyama alifia kwenye mafuriko, matope yakamfunika, mifupa ikageuka jiwe. Ukiipata huwezi kuing'oa kavu kavu, itasambaratika. Unaiacha na kipande cha mwamba wake, unaizungushia karatasi laini, kisha magunia yaliyochovywa kwenye plasta, ile ile ngumu wanayofungwa hospitali watu waliovunjika mguu. Mvua ziliwawahi kabla hawajapata gari la kuibeba, wakaifukia ili waifuate msimu ujao.

Mzee Kasiani alikuwa amesimama mlangoni. Alisema taratibu, "Nilimwombea pumziko la milele."

"Asante, mzee," kijana akasema, na nadhani alimaanisha.

Nilimuuliza kama amewahi kusikia jina la Beatus. Akafikiri. Yeye alikuja baadaye, lakini wakubwa wake walikuwa wakimtaja Beatus mmoja wa msimu wa kwanza, aliyekuwa akipiga kelele kila wakivuka kijito. Kazi ilipokwisha alichukua ujira wake na kuondoka kwa miguu, akasema anakwenda kuona upande wa Songea kukoje. Basi. Hakuwa na zaidi.

Kaburini

Sikumwamini moja kwa moja. Nimetoka mbali, nilitaka kuona. Asubuhi, wote waliohusika na ruhusa wakiwepo, Komba alishika jembe. Alichimba kidogo, akakaa ukingoni, akakunja nne.

"Siendelei. Mpogoro gani anafukuliwa kwa tumbo tupu? Nataka mguu wa kuku."

Watu walicheka. Mke wa katekista akaleta paja kwenye sahani, Komba akalila lote mbele yetu, akafuta mikono kwenye kitenge changu, akarudi shimoni. Kisha jembe likagonga kitu kigumu na kicheko kikakatika.

Kilikuwa kama walivyosema: kirefu, cheupe, kimepungua upande mmoja kama miguu. Ningekuwa mimi korongoni ningepiga goti pia. Elibariki akapasua kona ndogo kwa kisu. Ndani kulikuwa na mwamba mwekundu, na ndani ya mwamba vichwa vya mifupa myeusi, vimepangana kama shanga. Niliviangalia sana. Mnyama yule alizama mahali penye mafuriko kama bonde letu, na hapakuwa na wa kumtafuta mpaka akawa jiwe. Nililia. Watu walidhani nalia kwa furaha, wengine wakaanza kunipongeza. Semeni mtakavyo, lakini mimi nawaambia kweli: nililia kwa kuwa hakuwa Beatus. Nilikuwa nimekwisha kumpata, nikamkosa tena.

Waliutoa ule mzigo kwa kamba. Kaburi likabaki wazi, na Mzee Kasiani akawa na wasiwasi. Kaburi lililochimbwa haliachwi na njaa, litaita mwingine. Vijana walikata mgomba, wakaulaza humo kwa heshima zote. Kabla ya kufukia, katekista akanisogelea na msalaba wake wa mti.

"Tunaweza kumweka humu kaka yako, kwa mgomba. Hufanyika. Tuandike jina, mama yako apumzike."

Komba naye alikuja upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu Ifakara hakutania. "Mtani, mama yako ni mzee. Mwambie ni yeye. Mimi sikuona kitu, nilikuwa nakula kuku."

 Wakafukia, msalaba ukasimama bila jina. Lakini maneno ya Komba nilirudi nayo.

Michenga

Njia ya kurudi hakuna cha kusimulia, nilikaa juu ya magunia ya mpunga. Nilikuwa natengeneza uongo wangu. Nilikuwa nao mzima: kaburi zuri, mahali pakavu, walimwombea kwa dini zote mbili. Karibu kila neno lilikuwa kweli, ilibaki jina tu.

Nilimkuta mama kwenye mkeka amejifunga kaniki ya msiba aliyoazima kwa Mama Oliva, jirani yetu. Amepungua. Nilimwamkia, akaitikia, akanitaka nikae.

"Walimpikia nini watu?" akauliza.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha jiko, na hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikamwambia, wali na maharage, mchele wao wa mwisho. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema akipona magoti atakwenda kuwashukuru, atawabebea gunia.

Hapo nikashindwa. Angefika kweli, namjua, angebeba gunia mpaka kwenye mgomba.

"Mama, hakuwa yeye."

Nikamwambia yote: mnyama, plasta, mgomba, na yule Beatus aliyekwenda kuona upande wa Songea. Alisikiliza akiangalia mikono yake. 

"Nimelia, Skola," akasema. "Nimemlilia nimemaliza. Nilikuwa nimeanza kulala usingizi. Sasa nianze tena kungoja?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Kisha akashika ukuta, akasimama. Akafungua ile kaniki, akaikung'uta mavumbi, akaikunja pembe kwa pembe na kunikabidhi.

"Mrudishie Mama Oliva," akasema. "Mwambie bado."